Mbwa wangu katolewa kizazi juzi, hatulii hata kidogo. Nimtulizeje bila kumdhuru?

FundiWaChangombe

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kwa mliowahi kuuguza mbwa jike baada ya kutolewa kizazi. Huyu wangu haoneshi dalili yoyote ya ugonjwa, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Anaitwa Kashata. Ni hawa hawa mbwa wetu wa kienyeji, wa kahawia, sikio moja limesimama jingine limelala, ana kama miezi kumi. Nilimwokota akiwa mdogo sana soko la Majengo, chini ya meza ya muuza dagaa, na mpaka leo akisikia harufu ya dagaa anaacha kila kitu. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi barazani hapa nyumbani Chang'ombe, kwa hiyo tunashinda pamoja kutwa. Mimi niko kwenye cherehani, yeye anafukuza kuku wa jirani, anafukuza bodaboda, anarukia mifuko inayopeperushwa na upepo. Na wa Dodoma mnaujua upepo wa mwezi wa nane. Hachoki huyu.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo kwa sababu madume mtaani ni mengi, na roho inaniuma kuona watoto wa mbwa wanatupwa korongoni kabla hata hawajafumbua macho. Sikutaka wa Kashata waishie huko. Upasuaji ulikwenda salama. Daktari kanipa vidonge vya maumivu, kimoja kwa siku baada ya chakula, kamvalisha ile kola pana ya plastiki shingoni, na kanisisitizia kwamba kwa siku 10 hadi 14 asikimbie, asiruke, asicheze na mbwa wenzake, asioge, asilambe mshono. Nyuzi za nje zitatolewa mwishoni.

Usiku ule alilala pembeni ya kitanda changu anatetemeka, nikamfunika kitenge. Kesho yake asubuhi hakutaka kula, jioni akanywa mchuzi kidogo. Leo kaamka kama hajawahi kupelekwa popote. Kola inagonga miguu ya cherehani, inagonga ndoo, inagonga mlango, na ukingoni imeshapasuka. Nikimfunga kwenye nguzo ya baraza, bodaboda ikipita anachomoka mbio, kamba inamkamata, anasimama kwa miguu ya nyuma. Nikimfungia ndani analia hadi majirani wanakuja kuuliza kulikoni.

Mshono nimetoka kuukagua sasa hivi kwa tochi ya simu. Uko katikati ya tumbo, chini kidogo ya kitovu, urefu wake ni kama kidole changu cha kati. Nyuzi za bluu zimefungwa moja moja. Ngozi imekutana vizuri, pembeni pana wekundu kidogo, hakuna maji wala harufu. Ila ule mwisho wa upande wa nyuma pana kauvimbe, ukubwa wa punje ya harage, kalaini.

Sasa ushauri ninaopewa ni mwingi na unagongana. Jirani kaniletea diklofenaki, anasema nimpe nusu kidonge asubuhi na jioni atatulia. Mwingine anasema nipulizie dawa ya bluu ya mifugo. Mama mkwe wangu kapiga simu kutoka Kondoa, anasema mbwa anayefungwa kutwa anapata kichaa, nimwachie, na kwamba nilipaswa kumwacha azae kwanza walau uzao mmoja. Mama mkwe namheshimu sana, nataka nikimjibu nimjibu kwa maelezo, siyo kwa ubishi. Sijampa mbwa chochote zaidi ya alichoandika daktari, na sitampa mpaka nisikie kutoka kwenu.

Kinachonisumbua zaidi ni hicho cha kutulia. Mnafanyaje na mbwa mdogo mwenye nguvu kiasi hiki?

MgangaMifugoKongwa

Mbukwenyi fundi. Mimi nimesomea afya ya mifugo Mpwapwa na kazi zangu ziko huku Kongwa. Ng'ombe na mbuzi ndio wengi, lakini mbwa nao nimewauguza miaka mingi. Nitakujibu kwa urefu kidogo, nivumilie.

Kabla ya yote, hiyo diklofenaki mrudishie jirani leo leo. Anakutakia mema, lakini mwili wa mbwa hauishughulikii dawa hiyo kama mwili wa mtu. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, na mbwa wa kilo kumi na tano hahitaji nyingi ili adhurike. Zaidi ya hapo, kidonge alichokupa daktari huenda ni cha ukoo huo huo, kama meloksikamu au karprofeni, ila hicho kimepimwa kwa ajili ya mbwa na kwa uzito wake. Ukiongeza kingine cha ukoo mmoja juu yake umezidisha sumu. Parasetamoli nayo usiguse bila daktari kukupimia. Na hata hicho kidonge halali, mpe akiwa amekula. Akitapika, au akaacha kula kabisa, au kinyesi kikawa cheusi kama lami, simamisha na mpigie daktari saa hiyo hiyo.

Sasa kwa nini kaamka na nguvu. Ni mdogo, ana afya, na dawa ya maumivu inafanya kazi. Hasikii maumivu ya kumwambia atulie. Mbwa wengi wa umri huo wanajiona wazima siku ya pili au ya tatu, na hapo ndipo mishono inapoharibika. Wewe ni fundi, utanielewa haraka: tumbo limeshonwa kama koti lenye bitana. Unachokiona nje ni kitambaa cha juu, ngozi, ambayo inashikana ndani ya siku chache. Chini yake kuna mshono mwingine kwenye utando mweupe mgumu unaounganisha misuli ya tumbo katikati, na huo ndio unaobeba uzito wa matumbo yote. Utando ule unapona taratibu, kwa wiki kadhaa, na kwa sasa kinachoushikilia ni uzi tu. Akiruka juu na kutua, matumbo yanasukuma pale pale. Ndani zaidi kuna mishipa ya damu ya mifuko ya mayai na ya kizazi iliyofungwa kwa uzi. Kwa siku za mwanzo nayo inataka utulivu.

Kwa hiyo daktari wako hakukutisha bure.

Kuhusu kamba. Kamba ndefu kwenye nguzo ndiyo mbaya, kwa sababu inampa nafasi ya kuchomoka mbio kabla haijamkamata. Ifupishe. Iwe ndefu kiasi cha yeye kusimama, kujigeuza, kulala na kufikia maji, basi. Ifunge chini, kwenye kitu kizito, karibu na miguu yako unapokaa kazini ili asilie. Kama unaweza, tumia mkanda wa kifuani usiogusa tumbo, badala ya kamba ya shingoni. Na barazani hapo tundika kitenge kizuie macho yake barabarani. Mbwa asiyeiona bodaboda hasumbuki nayo sana hata akiisikia. Kujisaidia mtoe kwa kamba hiyo hiyo fupi, dakika chache, kisha ndani. Usiku alale ndani, siyo kuachiwa alinde. Ukilazimika kumbeba, mkono mmoja kifuani, mwingine nyuma ya mapaja, usimshike tumboni.

Lakini kumfunga peke yake hakutoshi na wala si haki kwa mbwa mdogo. Miguu ikitulia, pua ifanye kazi. Pua ya mbwa ikifanya kazi robo saa anachoka kuliko unavyodhani. Umesema anapenda dagaa, tayari una dawa. Tafuta trei za mayai, zile za karatasi, muuza duka yeyote atakupa. Ponda dagaa wasio na chumvi, changanya na ugali wake uliopoa, tia vipande vidogo vidogo kwenye vishimo, funika kwa trei nyingine juu, muwekee chini. Atanusa, atasukuma, atafunua, amelala au amesimama palepale. Mlo wake wote wa siku mlishe hivyo, usimwekee kwenye bakuli hata mara moja. Akianza kula trei yenyewe, mwondolee.

Nyingine: mchuzi wa dagaa usio na chumvi wala kitunguu, mimina kwenye kikombe cha plastiki, gandisha kwa jirani mwenye friji, mtolee bonge alirambe juu ya sahani. Kitunguu na kitunguu saumu usimpe kabisa, vinaharibu damu ya mbwa.

Na mfundishe. Kaa, lala, ngoja, nitazame. Dakika tano tano, mara kadhaa kwa siku, kila akipatia mpe punje ya dagaa. Hakuna wakati mzuri wa kumfundisha mbwa subira kama huu ambao umelazimika kukaa naye.

Kauvimbe hako ka harage sikaogopi kwa leo. Mara nyingi ni fundo la uzi wa ndani au mwili unavyopokea uzi. Kakague asubuhi na jioni, piga picha kwa mwanga ule ule ili uweze kulinganisha. Kabla sijaendelea na hayo ya mama mkwe na dawa ya bluu, niambie: alikuwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, alipopasuliwa, au muda mfupi kabla?

BintiWaMakulu

Pole dada. Wangu alifanyiwa mwaka jana nikiwa nasoma UDOM, tukiishi wasichana wanne nyumba moja. Kola aliivunja akaikataa kabisa. Tukamvalisha fulana ya mtoto, miguu ya mbele kwenye mikono, kichwa kwenye shingo, halafu tukaifunga fundo mgongoni. Ilisaidia sana ila ilikuwa inapanda juu, mwisho wa nyuma wa mshono unabaki wazi. Wewe fundi unaweza kufanya kitu bora zaidi ya fulana.

FundiWaChangombe

Asanteni sana, Mungu awabariki. Daktari wa Kongwa, joto lilimpata kabla, likaisha kama miezi miwili hivi, ndipo nikampeleka. Diklofenaki imesharudi kwa mwenyewe.

Binti wa Makulu umenifungua akili. Jana usiku baada ya kumaliza sare za wateja nimemkatia vazi. Nimetumia kitambaa cha fulana cha pamba, kile kinachovutika, nilikuwa na mabaki. Nimempima na tepu akiwa amelala: shingoni hadi mzizi wa mkia, mzunguko wa kifua, na kutoka mguu wa mbele hadi wa nyuma. Nimekata kipande kimoja kinachopita chini ya tumbo bila kiungio, maana sikutaka mshono wa nguo ukae juu ya mshono wa mwili. Matundu manne ya miguu, yote nimeyapinda kwa ndani na kuyazungushia upindo laini. Linafunga mgongoni kwa kamba za kitambaa, jozi tano. Nyuma nimelikata nusu duara ili akojoe bila kulilowesha, na vile vipande viwili vya nyuma vinapita kando ya mkia na kufungwa juu ya kiuno.

Alipovaa aliganda, akasimama kama dakika hajui afanye nini, kisha akajilaza. Amegeuza shingo akalinusa tumboni, akajaribu kulivuta kwa meno ya mbele, likarudi. Nimelala naye chumba kimoja nikisikiliza. Mchana nikiwa namwona anavaa hilo, usiku namrudishia kola juu yake, nimeibandika ule ufa kwa gundi ya karatasi.

Trei za mayai jamani! Kijana wangu wa darasa la tano ndiye anayezijaza, kachukua kazi hiyo kama ajira. Kashata alinusa zile trei mpaka pua imejaa ugali, halafu akalala usingizi mzito chini ya cherehani na mimi nashona. Sikuamini.

Kitenge barazani nimetundika. Bado ananyanyua sikio bodaboda ikipita, lakini hanyanyuki.

MzeeWaBahi

Fundi hongera kwa moyo wako kwa huyo mnyama. Mimi mfugaji huku Bahi. Sisi ng'ombe akijikata, dume akihasiwa, tunapuliza dawa ya bluu na inzi hawagusi. Sioni ubaya wake kwa mbwa. Inzi wakitaga kwenye kidonda hicho, funza wakiingia, mtalia. Halafu namuunga mkono huyo bibi wa Kondoa, jike kuonja uzazi mara moja kunamtuliza.

MgangaMifugoKongwa

Mzee wangu shikamoo. Hofu yako ya inzi ni ya kweli kabisa, na fundi aichukulie kwa uzito, hasa kama kuna zizi karibu. Inzi wanafuata unyevu na harufu. Mshono mkavu, uliofunikwa kwa vazi safi, ndani ya nyumba iliyofagiwa, hawaupati. Dawa ya bluu ina nafasi yake kwa ng'ombe aliye malishoni ambaye humwoni mpaka jioni. Kwa mbwa huyu ina matatizo mawili. Atairamba, hilo moja. La pili ndilo kubwa: inaficha rangi. Sisi tunataka kuona kama wekundu unaongezeka, kama pana usaha, kama ngozi inabadilika kuwa ya zambarau. Ukishapaka bluu umejiziba macho. Vivyo hivyo spiriti, majivu, oili chafu ya gari, unga wa vidonge vya tetrasaikilini. Vyote viache. Mshono uliofungwa vizuri hautaki kupakwa kitu isipokuwa daktari aliyeushona aseme. Ukichafuka kwa vumbi, na Dodoma vumbi halikosekani, chukua pamba au kitambaa safi, maji yaliyochemshwa yakapoa, gusa taratibu, kausha kwa kugusa, usisugue.

Fundi, vazi lako zuri sana, na kipande kimoja chini ya tumbo ni akili. Shona la pili. Likilowa mate au mkojo libadilishe hapo hapo, maana kitambaa kibichi juu ya mshono ni kibaya kuliko kutokuwa na kitambaa.

Kuhusu joto: vizuri, miezi miwili ni wakati mwema. Niliuliza kwa sababu jike aliyepasuliwa akiwa kwenye joto huendelea kuvutia madume kwa siku kadhaa, na dume likimpanda wakati ndani hakujapona linaweza kumpasua likamuua. Hata hivyo usimruhusu dume lolote uani mpaka apone.

Mwambie mama mkwe hivi, kwa heshima zote. Kichaa cha mbwa hakiletwi na kufungwa wala na jua. Ni kirusi, kinapita kwa mate, kwa kung'atwa na mnyama aliye nacho, na kinga yake ni chanjo. Kashata kama hajachanja kichaa, mwulize daktari siku ya kutoa nyuzi. Na habari ya kuzaa kwanza, mzee wa Bahi nawe sikiliza: hakuna faida ya kiafya anayoipata jike kwa kuzaa mara moja. Utulivu unaouona kwa mama ni umri na kazi ya kunyonyesha. Kinyume chake, kila joto linalopita linaongeza uwezekano wa uvimbe wa matiti ukubwani, na jike ambaye kizazi kipo anaweza kupata usaha kwenye kizazi, ugonjwa ambao nimeona unaua mbwa wazuri kwa siku chache, tena wakati mwenyewe anadhani ni malaria. Kashata hataugua huo. Hesabu pia mimba ya mbwa ni kama siku 63, na joto linarudi karibu kila miezi sita. Nani atawachukua wote hao?

Jambo moja la hapa kwetu ambalo wengi hawalijui. Zabibu sasa zinaingia sokoni, watoto wanakula kila mahali. Usimpe Kashata zabibu hata moja kama zawadi ya mafunzo, wala zile zilizokaushwa. Kwa mbwa zinaweza kuangusha figo, na hakuna anayeweza kukuambia ngapi ni salama, wengine wanadhurika kwa chache tu. Ukiwa na mbwa ambaye yuko kwenye dawa za maumivu, figo zake ni za kulinda. Mweleze na huyo kijana wa trei.

Na dalili za kukimbilia daktari, hata iwe usiku. Fizi ndizo nitakazokuelekeza vizuri kwa sababu zinasema mapema. Mnyanyue mdomo wa juu sasa hivi akiwa mzima, uone rangi yake ya kawaida. Bonyeza fizi kwa kidole, itakuwa nyeupe, achia: waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Ukikuta fizi zimepauka, au rangi inachelewa kurudi, na mbwa amelegea, anahema haraka, tumbo linajaa, hiyo ni damu inavuja ndani, usisubiri asubuhi. Mengine utayaona mwenyewe: mshono kuachia, usaha, harufu, kutapika tena na tena, kutokojoa siku nzima, kutokula zaidi ya siku moja. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, usimpime kwa mkono kwenye pua, pua haisemi kitu. Kinyesi kuchelewa siku mbili tatu baada ya upasuaji hakina shida, alikuwa amenyimwa chakula.

MzeeWaBahi

Marahaba mwanangu. Hilo la rangi ya bluu kuficha sikuwahi kulifikiria. Na la zabibu nimewaambia wajukuu.

FundiWaChangombe

Wakuu, narudi kuwapa taarifa maana nachukia watu wanaouliza wakapotea.

Kale kauvimbe kalikua. Kutoka harage kakafika kama yai la kwale, laini, kanatikisika ukikagusa. Picha za asubuhi na jioni zilinisaidia sana, nikazipanga kwenye simu nikaona wazi kanaongezeka, nikamtumia daktari kwenye WhatsApp, akasema nimlete. Nilimpeleka kwa bajaji amelala mapajani. Daktari akamlaza ubavu, akakabonyeza pole pole pande zote akitafuta kama kuna tundu kwenye misuli, akasema utando wa ndani uko imara, matumbo hayajatoka. Hayo ni maji ya mwili yaliyojikusanya chini ya ngozi, huwa yanawapata wale wanaochezacheza mapema. Akakataa kuyatoboa, akasema sindano inaweza kuingiza vijidudu mahali ambapo havipo na maji yatajaa tena. Kazi yangu ikawa kitambaa cha vuguvugu kilichokamuliwa, juu ya nguo safi kavu, dakika chache mara mbili tatu kwa siku, na utulivu zaidi. Yakanywea polepole mpaka yakaisha.

Nyuzi zimetolewa. Alilala chali mezani kwa daktari kama mfalme, mimi namwambia "ngoja," na alingoja! Neno amejifunza kwenye trei za mayai. Nilipomwona anatulia pale huku mkasi unapita, machozi yalinitoka, sisemi uongo. Chanjo ya kichaa kapata siku hiyo hiyo. Mama mkwe nimempigia nikamweleza yote kuhusu kirusi na usaha wa kizazi, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama daktari huyo anaweza kuangalia na jike lao la Kondoa.

Swali langu la mwisho kwa daktari wa Kongwa: sasa naweza kumwachia?

MgangaMifugoKongwa

Hongera sana fundi, na hilo la yai la kwale ulilishughulikia vizuri mno.

Usimwachie kwa mara moja. Nyuzi za ngozi zimetoka, bitana bado linaendelea kupona. Wiki hii mtembeze kwa kamba, alfajiri kabla ya pikipiki, robo saa hivi, kesho ongeza kidogo. Wiki inayofuata aanze kukimbia uani mwenyewe, halafu ndipo arudi kwa wenzake. Kuoga subiri siku mbili tatu baada ya nyuzi. Mbwa aliyetolewa kizazi anahitaji chakula pungufu, na bado ana njaa ile ile, kwa hiyo utamwona ananenepa. Pitisha viganja kwenye mbavu zake kila baada ya wiki: uzisikie kirahisi bila kuzibonyeza. Ukiona zinapotea punguza ugali, usipunguze dagaa. Trei endelea nazo hata akishapona.

Mkazi_Ihumwa

Fundi samahani naingilia. Nina jike kubwa la ulinzi, chotara wa German Shepherd, anapasuliwa wiki ijayo huku Ihumwa. Hilo vazi naomba vipimo, fundi wetu huku nimuelekeze. Kifua chake ni inchi 30, shingo hadi mkia inchi 27.

FundiWaChangombe

Karibu sana. Wa kwangu kifua ni inchi 22, mgongo 20. Kwa wa kwako mwambie fundi achukue kitambaa cha fulana cha pamba, mita moja na nusu zinatosha mavazi mawili. Asipunguze kipimo cha kifua, kitambaa kinavutika chenyewe. Vidole viwili vipite chini ya nguo bila taabu. Matundu ya mbele yawe mapana, ya nyuma yapande juu ya paja, vinginevyo atalichana akitembea. Kamba mgongoni zisiwe ndefu, asije akazivuta. Nusu duara ya kukojolea kwa jike mkubwa ianze inchi mbili nyuma ya mwisho wa mshono, kwa hiyo asikate hiyo sehemu mpaka mbwa atoke kwa daktari na mpime mshono ulipoishia. Mengine yote anaweza kuyamaliza kabla, na mvalishe siku mbili tatu kabla ya upasuaji alizoee.